Barafu Chini ya Ngazi

Kazi yangu ni kuosha vioo vya madirisha mjini Meru, na sioni haya kuisema mbele ya mtu yeyote. Naosha vioo vya maduka ya ghorofa, vya makanisa, vya shule za huku Kaaga zenye madirisha marefu utadhani wanafunzi ni twiga. Watu wakipita huinua shingo wakasema, "Ai! Kwani huyo ni mwanamke?" Ndiyo, ni mwanamke. Pita na njia yako, usije ukamwagikiwa maji ya sabuni.

Tuko wawili. Mwenzangu ni mama wa kutoka Kiritiri, kule Mbeere kwenye jua na mbuzi, mwenye kicheko kikubwa na mwili wa kutosha. Mimi hupanda, yeye hushika ngazi. Mtu akidhani kushika ngazi ni kazi ya bure, aje nimwonyeshe. Kabla sijainua mguu, mama huyu huwa amekausha sakafu kwa gunia, akatandika kipande cha mpira kilichokatwa kwenye gari kuukuu, akaweka miguu ya ngazi juu yake. Kisha hupima kwa hatua zake kutoka ukutani, maana ngazi ikienda juu mara nne, chini lazima itoke mara moja. Ikisimama wima sana itaangukia nyuma, ikilala sana itateleza. Akimaliza hukanyaga kipago cha kwanza, hushika pande zote mbili na kunitikisia kichwa kwamba nipande. Asipotikisa kichwa, sipandi. Miaka yote hiyo sijawahi kuanguka, na watu husema nina bahati. Bahati gani? Ni huyo mama.

Sasa nikueleze kuhusu baba yangu, kwa sababu bila yeye hutaelewa ujinga nilioufanya.

Baba alikuwa mchumaji wa miraa huko kwetu Mikinduri, na si mchumaji hivi hivi. Miti mikongwe, ile yenye matawi membamba yanayovunjika kama biskuti, ndiyo aliyokuwa akiitiwa. Alipanda pekupeku, na unyayo wake ulijua tawi bovu kabla jicho halijaliona. Mimi nilikuwa namtazama kutoka chini nikitamani mpaka roho inauma. Siku moja, nikiwa na miaka kama tisa, nikapanda. Nilikuwa nimeshika tawi la juu nikichekelea peke yangu baba aliponikuta. Hakunichapa. Afadhali angenichapa! Alisubiri nishuke, akasema mwanamke hapandi mti wa miraa, akaenda zake. Kwetu mti huo ni wa wanaume, na binti akiupanda anayeaibika ni babake. Hakuniongelesha mpaka Jumapili.

Kwa hiyo nilipoanza kazi ya ngazi, baba aliwaambia watu kanisani kwamba binti yake anafanya kazi ya ofisi. Dada yangu ndiye aliyeniletea hizo habari. Nilikasirika, nikapiga ndoo teke, kisha nikalia. Sikuwa nataka shamba lake wala ng'ombe wake. Nilitaka kitu kimoja tu: siku moja asimame chini, aniangalie nikiwa juu ya ngazi, aseme ni vizuri. Nilikuwa mama wa watoto wawili na bado nilikuwa nataka hicho kitu.

Nafasi ikaja mwezi wa Oktoba. Macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia, wakamwambia ni mtoto wa jicho, aje mjini aangaliwe. Akalala kwangu. Miadi yake ilikuwa alasiri, na asubuhi hiyo sisi tulikuwa na kazi katika shule moja ya Kaaga. Ilikuwa siku ya maombi ya watahiniwa, ile siku wazazi wanakuja na sahani za chakula, na mchungaji anaombea kalamu za kufanyia mtihani. Shule ilitaka ukumbi wake ung'ae. Nikasema moyoni, leo ni leo. Nikamchukua baba nikaenda naye, nikamwombea kiti, nikamkalisha kwenye baraza la ukumbi, hatua tano hivi kutoka kwa ngazi.

"Kaa hapa, Baba, nikimaliza twende kliniki."

"Sawa," akasema. Akaegemeza mkongojo wake ukutani, akainua uso.

Tulikuwa tumemaliza safu ya chini na ya katikati wakati mbingu ilipofunga. Mtu asiyeijua Meru hufikiri Kenya nzima ni jua. Njoo Oktoba mvua ikifungua, uone. Mawe ya barafu yalishuka kwenye mabati mpaka hatukusikizana, mengine makubwa kama njegere, mengine kama maharagwe. Tukajibana chini ya paa pamoja na baba. Mama wa Kiritiri alikuwa amevaa sweta mbili na bado meno yalikuwa yanagongana. "Woi, Mungu anatupiga na kokoto!" akapiga kelele. "Kwetu mvua ikinyesha ni ya maji, nyinyi huku mnataka nini zaidi?" Baba akacheka mpaka akakohoa.

Mvua iliposimama, uwanja wote ulikuwa mweupe. Sakafu ya baraza, ambayo ni ya vigae vinavyoteleza hata siku ya jua, ilikuwa imejaa barafu. Tukafagia, tukafagia. Lakini ukifagia mawe hubaki ule utando mwembamba, nusu maji nusu barafu, usioonekana ila kwa kuinama. Gunia letu lilikuwa limelowa chapachapa. Na ule mpira wa kuwekea ngazi ulikuwa umekaa kwenye barafu ukawa mgumu kama ubao, haushiki chini tena.

Hapo naibu wa mwalimu mkuu akatokea, mama mmoja mwenye haraka, mwavuli mkononi. "Fundi, wageni wameanza kufika getini. Hiyo safu ya juu je?"

"Tupe muda sakafu ikauke, Mwalimu," mwenzangu akajibu.

Naye yule mwalimu hata hakulazimisha. Aliguna tu akaingia ndani. Nasema hivyo ili nisimsingizie mtu. Aliyenilazimisha ni mimi. Nilimtazama baba, nikaona uso wake umeelekea juu kwenye hiyo safu ya juu kabisa, akitabasamu, nikajiambia: anangoja kuniona. Nikingoja sakafu ikauke, saa ya kliniki itafika, atarudi Mikinduri akiwa amemwona binti yake akifagia tu.

Nikamwambia mwenzangu, "Wewe ingia ndani uoshe kwa ndani, tuokoe wakati."

Akanitazama. "Na ngazi atashika nani?"

"Imekaa vizuri. Ingia."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, akinitishia na kitambaa.

"Wewe ni mkuu tangu lini? Nenda!"

Akaenda akinung'unika. Kusema ukweli wa Mungu, sikumtuma ndani kwa sababu ya wakati. Nilimtuma kwa sababu nilitaka baba anione nikipanda peke yangu, bila mtu wa kunishikia, kama alivyokuwa akipanda yeye. Kwetu mchumaji akishikiwa mti watu wangemcheka mwaka mzima.

Nikapanda. Niliosha kioo cha kwanza, cha pili. Nilikuwa najisikia mkubwa siku hiyo! Mji wote ulikuwa chini yangu, mabati yakitoa mvuke, na mlima uko nyuma ya mawingu. Nikavuta wipa, ule mpira wa kukaushia kioo, kwa madaha, mkono mrefu, kioo kikatoa ile sauti yake. Nikageuka nikampungia baba mkono. Sikupaswa kugeuka na sikupaswa kuachilia mkono. Naye baba akazidi kutabasamu.

Kisha nikasikia ngazi ikisema krii.

Sauti hiyo sikuwa nimewahi kuisikia nikiwa juu, lakini mwili uliijua. Ukuta ukaanza kupanda mbele ya macho yangu, polepole, yaani ni mimi niliyekuwa nashuka. Nikadaka vyuma vya dirisha kwa mikono yote miwili, wipa ikaruka, ndoo ikamwagika. Nikawaza watoto wangu. Sikuwaza kitu kingine chochote, nikawaona tu wakila uji.

Ngazi ikasimama.

Nilipothubutu kutazama chini niliona kofia ya baba. Alikuwa amejitupa kwenye ngazi kifua kizima, mguu mmoja ameukaza nyuma ya mguu wa ngazi, amekumbatia pande zote mbili kama mtu aliyemshika ng'ombe mkali. Viatu vyake alikuwa amevirusha kwa teke kando ya kiti. Nyayo zake tupu zilikuwa juu ya barafu. "Murungu!" alikuwa akimwita Mungu kwa Kimeru, tena na tena, kwa sauti ndogo. Kisha akaniita mimi. "Shuka. Mguu mmoja. Usiangalie. Shuka."

Nikashuka. Kila kipago nilikitafuta kwa kidole kama kipofu. Nilipofika chini nikakaa kwenye maji na barafu mbele yake.

Mama wa Kiritiri akatoka mbio, akaona ngazi ilivyosogea, akashika kichwa. "Ulinifukuza ndani!" akaniambia, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Ulinifukuza ili uonekane peke yako! Mimi nimekuweka hai miaka yote hii, halafu siku moja tu unataka kupendeza!" Nikamwomba msamaha hapo hapo, mbele ya baba, nikiwa nimekaa chini.

Kisha nikamgeukia baba. Unajua nilimwuliza nini? Mtu aliyeponea chupuchupu, badala ya kusema asante, nikauliza, "Baba, uliniona? Uliniona nikiwa juu?"

Akafuta nyayo zake na leso. "Sikukuona," akasema. "Nikitazama juu naona maziwa matupu. Nilikuwa nasikia kioo kikilia, nikajua unafanya kazi, nikafurahi. Lakini hapa chini karibu naona kidogo. Nikaona miguu ya ngazi inatembea."

Nilicheka, nikalia, sijui lipi lilitangulia. Ule utukufu wote, ule mkono wa madaha, kumbe nilikuwa namringia mtu asiyeona!

Naibu wa mwalimu mkuu akarudi akauliza tena, safari hii kwa sauti ya juu, kwa sababu mchungaji alikuwa ameingia getini na nusu ya safu ya juu ilikuwa na michirizi ya mvua. Nikasimama, nguo zimelowa, nikamwambia, "Mwalimu, hiyo safu leo haioshwi. Chini kuna barafu. Nimepanda nikakosea, na sirudii. Nitakuja kesho sakafu ikiwa kavu."

"Lakini si mlikubali…"

Baba akainuka. Kiswahili chake ni cha kuhesabu, cha sokoni, lakini siku hiyo kilitosha. "Mwalimu," akasema, "mimi nimepanda miti maisha yangu yote. Mti ukiwa na maji, hata mimi nilikuwa nakaa chini. Huyu ni fundi. Fundi akisema haipandiki, haipandiki."

Fundi. Alilisema hilo neno mbele ya mwalimu, mbele ya wazazi waliobeba sufuria za wali, mbele ya kila mtu. Mwalimu akatutazama, maji yakitudondoka sote watatu, akasema basi, kesho ni sawa. Maombi yakafanyika, kalamu zikaombewa, na sidhani kuna mtu hata mmoja aliyeinua macho kuangalia michirizi. Nami nilikuwa najisikia mrefu kuliko nilipokuwa juu.

Tangu siku hiyo mwenzangu haingii ndani mimi nikiwa nje, hata aitwe na rais. Mvua ya mawe ikinyesha tunakunja ngazi tunakunywa chai, na mwenye jengo akitaka kununa anune. Ngazi haijui kama una haraka.

Baba alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, kisha la pili. Wiki kadhaa baadaye tulikuwa tunaanza kazi kwenye jengo moja katikati ya mji, asubuhi ya manyunyu na baridi ya kukata, nikamwona amesimama kando ya barabara na miwani myeusi. Alikuwa ametoka Mikinduri alfajiri bila kuniambia. Hakusalimu hata.

"Panda nikuone," akasema.

Nikatazama chini. Upande wa kushoto bado ulikuwa na maji. "Subiri kwanza, Baba. Mwenzangu hajamaliza kukausha."

Akasubiri, mikono nyuma, huku mama wa Kiritiri akipangusa, akitandika mpira, akipima hatua zake. Mama akakanyaga kipago cha kwanza. Akatikisa kichwa. Nikapanda, sikugeuka, sikumpungia mtu mkono, nikaanza kuosha. Barabarani kelele zilikuwa nyingi, lakini sauti ya baba niliisikia vizuri.

"Kiatu chako cha kulia kimeshonwa kisigino," akasema. "Kwa uzi mweusi."

Kisha akamwambia mwenzangu, "Naona kila kitu. Anapanda vizuri."

Machozi yalinitoka hapo juu, na sikuwa na mkono hata mmoja wa kuyafuta, kwa sababu mmoja ulikuwa na wipa na mwingine ulikuwa umeshika ngazi.