Mawe ya njia ya kisimani

Juzi, dukani kwa Mhindi, mzee jirani yangu aliweka jiwe la matumbawe juu ya meza, akaomba rangi ya nili. Alitaka kupaka mawe ya njia ya kisimani, mkewe asijikwae, maana macho yamemfifia.

"Babu, jiwe hili linakunywa rangi," mwenye duka akamwambia. "Tanguliza chokaa mara mbili, ikauke, ndipo upake nili."

"Basi na linywe chokaa, linibakizie nili yangu."

Nilipomsimulia mkewe, akacheka. "Mwanangu, mimi sioni tena hata chokaa. Usimwambie. Kila akipaka jiwe, hunishika mkono akanipeleka kuliona."

Nimenyamaza. Nanyi mkipita njia ile, isifuni nili.