Injini Nyuma, Injini Katikati: Siku Moja Kati ya Lodwar na Kakuma

Nilikwenda Kakuma kwa sababu Mjomba Wekesa alishindwa kuamua jambo, akanitwika mimi, mtu anayechukua robo saa kuchagua soda.

Mjomba ni ofisa wa barabara aliyestaafu hapa Lodwar. Ana gari la spoti la miaka ya sabini ambalo injini yake imekaa nyuma kabisa, kupita magurudumu. Analipenda kuliko nyumba yake. Lakini goti lake la kushoto limeanza kukataa klachi, na kipuri cha mwisho tulikingoja miezi minne. Basi rafiki yake wa Nairobi, Bwana Kamau, anayekusanya magari ya zamani, akaja Lodwar na gari jipya la spoti, injini katikati, nyuma tu ya viti, klachi hakuna. Alitaka wabadilishane, gari kwa gari. Alitupa siku moja tu; asubuhi inayofuata angeondoka na moja kati ya hayo mawili. Likienda la zamani, halirudi.

"Wewe umesomea injini," Mjomba aliniambia. "Mimi nalipenda, siwezi kulihukumu. Nenda Kakuma na jipya, mimi nitakwenda na la zamani, na wewe urudi nalo. Ukisema nibadilishe, nitabadilisha."

"Na nikikosea, Mjomba?"

"Utakuwa umekosea. Pakia mishumaa."

Mishumaa ilikuwa ya Mama Achol, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini anayeishi kambini Kakuma. Watoto wa kanisa lake walikuwa wapokee Kipaimara Jumapili, na Mjomba alikuwa ameahidi kuipeleka.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Lodwar. Katika gari la Mjomba mzigo huwekwa mbele, kwa kuwa nyuma ni injini. Hili jipya lilikuwa na buti mbili, moja mbele na nyingine nyuma ya injini. Nilisimama hapo nikifikiria uwiano wa uzito. Niliweka katoni zote mbili mbele, nikazitoa, nikazirudisha, mwishowe nikagawa: moja mbele, moja nyuma. Nilijipongeza kwa hekima hiyo.

Tulipovuka daraja la Turkwel, Mjomba alikuwa mbele yangu na gari lake, likikoroma kama mtu aliyelala chali. Kisha akawasha taa ya kuniruhusu nipite.

Nilikanyaga mafuta. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Injini ililia nyuma ya masikio yangu, mgongo ukagandamana na kiti, na lami ikaanza kuja kwangu badala ya mimi kuiendea. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Kwenye kona ya kwanza niliogopa, nikatoa mguu kwenye mafuta, nikaurudisha, nikagusa breki bila sababu. Gari halikujali. Lilipinda mahali nilipotazama, kana kwamba lilikuwa limenisamehe kabla sijakosa. Mbuzi waliokuwa kando ya barabara waliinua vichwa wote kwa pamoja, na mchungaji wao akainua fimbo yake. Sikujua kama ananisalimia au ananilaani, nikalifikiria hilo kilomita kumi nzima.

Vilima vya Pelekech vilipojitokeza, nilikuwa nimeshaandika hukumu kichwani: Mjomba, badilisha. Goti lako litapona, nami nitakuwa naliazima kwako Jumamosi.

Saa tatu kasorobo, Kakuma. Mama Achol alitungoja mbele ya duka lake. Ni mwanamke mrefu, na kicheko chake hutangulia maneno.

"Ejok!" alimsalimia Mjomba kwa Kiturkana. Kisha akaligeukia gari langu. "Na hii nayo? Imekanyagwa na ndovu?"

"Ndiyo mtindo wake, Mama," nilisema. "Iko chini ili ishike barabara."

"Sawa, ishike. Mishumaa yangu iko wapi?"

Nilifungua buti ya mbele. Katoni ilikuwa salama. Nilifungua ya nyuma, na harufu ikanifikia kabla ya kuona. Ile injini ya katikati ilikuwa imepumulia buti hiyo njia nzima. Katoni ilikuwa imelegea, na ndani yake mishumaa yote ilikuwa kitu kimoja, bonge jeupe lenye nyuzi.

Nilianza kueleza habari za joto na bomba la moshi. Nilitaka ardhi inimeze. Mama Achol aliinua lile bonge kwa mikono miwili kama mkunga.

"Ya binti, ewe binti yangu," alisema, "umenipikia mishumaa! Wekesa, huyu alisoma chuo gani?"

"Cha injini," Mjomba akajibu. "Cha mapishi tulikosa nafasi."

Walicheka hadi jirani Msomali akatoka dukani kuona kuna nini. Hata mimi nikacheka. Mama Achol hakupoteza muda. Alitia bonge kwenye sufuria, akaagiza mikebe mitupu ya nyanya kutoka kwa majirani, tukakata uzi wa pamba na kumimina nta ndani. Tulipomaliza kunywa kahawa ya tangawizi, mikebe ilikuwa imepangwa kivulini ikiganda.

"Hii ni bora," alisema. "Mtoto hataungua vidole. Kalas, basi, nendeni. Na hiyo gari bapa usiilete tena na siagi."

Saa saba mchana tulianza kurudi, mimi katika gari la zamani, Mjomba katika jipya. La zamani lilikuwa la moto kama tanuri. Usukani ulinitetemesha mikono na klachi ilikuwa nzito kama kusukuma ukuta. Sasa nikalielewa goti la Mjomba. Mjomba akanipita, akapotea.

Karibu nusu ya njia, upepo ulikuwa umemwaga mchanga kwenye kona. Niliingia kwa kasi kidogo, nikaogopa, nikafanya kile nilichofanya asubuhi: nikatoa mguu kwenye mafuta.

Kosa hilo gari hili halilisamehe. Uzito wote uko nyuma. Ukisitasita katikati ya kona, mkia unataka kukupita. Nyuma ikachomoka, nikaona barabara, kisha nyika, kisha barabara niliyotokea. Nilisimama nikitazama upande wa Kakuma, vumbi likinishukia taratibu. Hakukuwa na mtu. Moyo ulipiga hadi kwenye meno.

Na hapo, naapa, nikatabasamu. Nilirudi nyuma ya ile kona, nikageuza gari, nikaiingia tena polepole zaidi, mguu ukiwa umetulia juu ya mafuta, bila kujadiliana nao. Nyuma ilikaa chini na kusukuma. Gari likatoka konani kama limerushwa. Nilipiga kelele ya furaha. Kona zilizobaki hadi Lodwar nilizipita hivyo, na katika muda huo wote sikufikiria jambo jingine hata moja. Hilo halijawahi kunitokea.

Saa kumi kasorobo, Lodwar. Mjomba na Bwana Kamau walikuwa wamekaa kibarazani. Mjomba alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kwa daktari.

"Lilikuwaje, Mjomba?" nilimuuliza.

"Zuri. Lilinibeba. Njia nzima halikuniuliza chochote."

"Haya, injinia," Bwana Kamau alisema. "Tunabadilishana?"

Ningeweza kuficha lile tukio la konani. Sikulificha.

"Nimelizungusha," nilisema. "Kwenye mchanga. Liko zima, nami niko mzima. Lako, Bwana Kamau, ni bora kwa kila kipimo nilichofundishwa. Lakini la Mjomba lisibadilishwe."

"Na goti lake?"

"Goti likikataa, nitaendesha mimi."

"Wewe uliyelizungusha?"

"Ndiyo, mimi. Wewe hujui linazungukia wapi. Mimi najua."

Mjomba alichukua funguo za gari jipya mezani, akazisogeza taratibu hadi kwa rafiki yake, kisha akanyoosha mguu wa kushoto na kuusugua.

Bwana Kamau aliondoka asubuhi, na mlio wa gari lake ulinitamanisha hadi ulipokwisha. Nilichojifunza ni kwamba lililo bora si lazima liwe mbadala wa lile ulilonalo. Gari moja lilinivumilia nilivyo. Jingine lilikataa kusitasita kwangu. Jumamosi nina zamu ya kupeleka nyuzi za pamba kwa Mama Achol, kwa gari la zamani; anataka mishumaa mingine ya mikebe.