Ndoo Mbili za Mawese

Tasnifu yangu ya chuo kikuu ilihusu jambo ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza mara mbili: jinsi ya kuyazuia mafuta yasicheze ndani ya matangi ya roketi kubwa. Roketi inapopaa, mafuta yakianza kuyumba huku na huku, uzito huhama pamoja nayo. Chombo huyumba, mitambo hujaribu kukinyoosha, na kule kunyoosha huweza kuyachochea mafuta zaidi. Dawa yake ni pete za bati zinazofungwa kwenye kuta za ndani ya tangi, ili wimbi livunjike kabla halijapata nguvu. Roketi yenyewe sijawahi kuigusa. Kazi yangu ni kukagua matangi ya malori huko Dar es Salaam.

Kiangazi kilichopita, mdogo wangu wa kike, anayefundisha fizikia katika sekondari moja ya kwetu Gungu, aliniomba niwaonyeshe wanafunzi wake jambo hilo. Mkuu wa shule alikusudia kuliondoa somo lake kidato cha tatu kwa kuwa waliolichagua walikuwa wachache. Alikubali kuja kutazama kabla ya kuamua.

Nilichagua mawese, kwa kuwa wekundu wake ungeonekana hadi nyuma ya darasa. Mchana wa siku iliyotangulia onyesho niliyajaza katika ndoo mbili za plastiki angavu, moja yenye pete za bati ndani na nyingine isiyo nazo, nikazipanga juu ya toroli la shule. Nilipolisukuma na kulisimamisha ghafla, yalicheza vizuri kabisa katika ile isiyo na pete. Nikazifunika na kuzifungia stoo.

Asubuhi kulikuwa na baridi. "Mwakeye," mkuu alitusalimu kwa lugha ya kwetu, akaketi mbele. Nilihutubia kwa kirefu, nikafunua ndoo, nikasukuma toroli, nikalisimamisha.

Hakuna kilichocheza. Mawese yalikuwa yameganda katika ndoo zote mbili, kama yalivyoganda kila asubuhi ya kiangazi nilipokuwa mtoto na kutumwa kuyachokoa kwa kijiko. Joto la Dar lilikuwa limenisahaulisha.

Nilichosema baada ya hapo ndicho kinachoniunguza hadi leo.

"Mnaona? Pete zimeyatuliza."

"Na hiyo isiyo na pete imetulizwa na nani?" akauliza msichana wa dawati la mbele.

"Na baridi!" wakamjibu wa nyuma. "Injinia, roketi yako imeganda! Ipelekwe jikoni!"

Mkuu hakucheka. Alimgeukia mdogo wangu. "Mwalimu, ndiyo fizikia yenyewe hii?"

"Mzee, naomba utuvumilie hadi baada ya mapumziko."

Mdogo wangu alilisukuma toroli mwenyewe hadi uani, penye jua. Hakunigombeza. "Kaka, si ungesema tu yameganda? Hapa nani asiyeyajua mawese?"

Yalipoyeyuka, aliwaita wote. Alisukuma, akasimamisha. Katika ndoo yenye pete mafuta yalitikisika kidogo, yakatulia. Katika ile nyingine yalipanda ukuta, yakaruka nje, yakamwagikia viatu vya mkuu. Wanafunzi wakapiga kelele za furaha. Mkuu alivitazama viatu vyake, kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Haya, mwalimu. Somo lako libaki."

Nilikuwa nimeinama nikimfuta viatu kwa leso yangu, ndipo mdogo wangu alipowaambia wanipigie makofi, kwa kuwa ndoo na pete nilizitengeneza mimi. Wakapiga kwa moyo wote. Sikuweza kuinua uso. Niliendelea kufuta viatu vilivyokwisha kutakata.