Chablis Niliyoipeleka Ishiara

Baba mkwe wangu hajawahi kunipenda, na simlaumu. Nikimkumbuka yule kijana aliyeingia kwake Ishiara na chupa mkononi, hata mimi simpendi.

Wakati huo nilikuwa mhadhiri mpya wa chuo kikuu kule Nchiru, Meru, na binti yake alikuwa ameishi nami mwaka mzima katika mtaa wa Dallas, Embu, bila mtu kumwomba baba yake chochote. Sasa tulitaka harusi ya kanisani, naye alikuwa na sharti moja: baba yake ndiye amshike mkono hadi madhabahuni. Bila hivyo hakuna harusi. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuomba.

"Peleka pombe ya asali kama watu wengine," mchumba wangu aliniambia. Mjomba wangu, aliyekubali kuwa msemaji wangu, alisema hivyo hivyo. Kwetu Meru na kwao Mbeere, ombi la namna hii hupelekwa na pombe. Wenye boma wakiinywa, wamekusikia. Lakini mimi nilikuwa nimepewa chupa ya Chablis na mwenzangu aliyerudi kutoka masomoni Ufaransa, pamoja na mawaidha: ni divai nyeupe ya zabibu za Chardonnay, hunywewa baridi, na chakula chake ni chaza au samaki. Chaza hawakupatikana Embu. Nikanunua tilapia wawili waliokaangwa, wakafungwa kwenye gazeti.

Mtu aliyelelewa na nyanya ambaye hakuruhusu samaki avuke kizingiti chake alipaswa kukumbuka jambo fulani. Sikukumbuka. Nilikuwa na shahada mbili.

Mimi na mjomba tulifika saa saba mchana, chupa ikiwa na joto kama thermosi ya chai. Lugha zetu zinasikilizana, lakini mzee alinisemesha Kiswahili, kama anavyomsemesha mtu wa kodi.

"Hii ni nini?"

"Divai, baba. Zabibu zake zinaota kwenye udongo wenye makombe ya chaza wa bahari ya kale, ndiyo maana..."

"Kwa hivyo umeniletea udongo."

"Hapana, baba. Ni ladha tu. Inanywewa pamoja na hii."

Nikafungua gazeti. Samaki wakatutazama. Wanawake waliokuwa wakicheka jikoni wakatoka kuchungulia.

"Mwalimu," akasema mzee, "kwa hii nyumba hatuli nyoka. Hata wa kuogelea." Akamgeukia mjomba. "Huyu ni wako?"

"Tulikutana stendi," mjomba akajibu.

Mleta pombe huonja kwanza. Mzee akamimina divai katika kikombe cha bati, akakisukuma mbele yangu, nikanywa. Ilikuwa chachu na ya moto, na uso wangu ulisema ukweli kabla sijaupanga.

"Tamu?"

"Tamu sana, baba."

"Basi ongeza."

Nikaongeza. Kila nilipokitua kikombe alikijaza tena, bila hasira, kama mtu anayenywesha ndama dawa. Samaki nao aliniamuru niwamalize, kwa kuwa ndivyo vitabu vyangu vinavyosema. Chupa ilipoisha aliipindua, akaitikisa ili kuhakikisha.

"Umekuja kuomba, na ombi umelinywa mwenyewe," akasema. "Sasa jioe."

Mke wangu aliposikia hakulia wala hakucheka. "Ulikunywa yote?" aliuliza, na wiki nzima hakuniuliza kitu kingine. Mwishowe mjomba alirudi Ishiara peke yake na dumu la pombe ya asali, kwa sharti kwamba mimi nisionekane hata barabarani. Walikunywa mpaka jua likashuka. Mzee akakubali kumleta binti yake. Habari zangu, mjomba alisema, hakuulizwa.

Siku ya harusi mzee alitembea naye taratibu hadi madhabahuni, na mke wangu alitabasamu kwa namna ambayo mimi bado sijaweza kumfanya atabasamu. Mchungaji akangoja. Mzee hakuuachia mkono. Alinisogelea, akanusa mbele ya mdomo wangu, akanusa tena.

"Umekula nini leo?"

"Githeri, baba. Mahindi na maharagwe tu."

Akanusa mara ya tatu ili kuhakikisha. Kisha akauweka mkono wa binti yake katika mkono wa mchungaji, akaenda kuketi. Mchungaji ndiye aliyenipa.