Mugeni wa Baruti ya Haraka

Cheka kama unataka kucheka. Mimi nilimuona kwa macho yangu mawili, muchana, jua bado kali, na sikuwa nimekunywa kitu. Kijiji chetu chote cha Wamaza kinanijua: mimi si mwanamuke wa kukimbizwa na majani yakitikisika.

Kazi yangu ni kujaza kartushi za bunduki. Ndiyo, mwanamuke. Baba alinifundisha kwa sababu mukono wangu hautetemeki, na mudogo wangu Amuri yeye alipenda pori tu. Ganda lililokwisha kupigwa nalisafisha, naweka kapsuli mpya ya kuwasha moto, napima baruti kwa mizani, nakaza risasi juu. Kuanzia hapa mupaka Kasongo sijaona mwanaume wa kunifundisha baruti. Siringi, nasema tu vile iko.

Sasa sikiliza vizuri. Baruti si moja. Iko ya haraka, inawaka yote mara moja. Hiyo ni ya bunduki ndogo. Iko ya pole, inawaka ikisukuma risasi mupaka mwisho wa mututu. Magnumu ya Amuri, bunduki ya kuangusha mbogo, inakula ya pole tu. Ukiijazia ya haraka, chuma kinapasuka mbele ya uso wa mwenye kupiga. Na kartushi ikikwisha kufungwa, nani atajua ndani mulitiwa nini? Ni yule aliyejaza, basi.

Wakati ule mbogo mumoja alikuwa anamaliza mihogo yetu, na alikwisha kumurusha jirani yetu akamuvunja mbavu. Watu wote walimuangalia Amuri. Akaniomba kartushi tano, akaenda kutafuta nyayo. Nafungua kopo la ya pole, imebaki ya kujaza mbili tu. Pembeni, kopo la ya haraka limejaa, limetoka Kasongo kwa pikipiki juzijuzi. Nikaanza kuwaza. Nikichanganya kidogo je? Kidogo tu, ya kuongezea? Kweli ya Mungu, kijiko kilikuwa tayari mukononi.

Ndipo nikaona mutu amesimama kwenye baraza. Kijana wa rika la Amuri, amenipa upande mumoja wa uso, bunduki yake imeviringwa kitambaa. Sasa kwetu, mwindaji mugeni akifika, kabla ya kukaa anafungua bunduki na kukupa uchungulie ndani, uone haina kitu. Tunaita kuonyesha jicho. Lakini baruti ikiwa wazi, mwenye kujaza hagusi chuma cha mutu mwingine, hiyo nayo ni desturi. Basi nikamwambia akae kwanza, jicho atanionyesha nikimaliza. Hapo ndipo nilipokosea.

Akauliza najaza za kwenda kupiga nini. Nikamwambia mbogo. Akasema mbogo anataka moto mukali, nichukue tu ile iliyojaa, tano zitimie, Amuri asiingie pori mikono mitupu. Aliongea kwa upole, kama shemeji. Lakini jina la Amuri nilikuwa nimelitaja saa ngapi? Na hizo tano, nani alimwambia?

Badala ya kuogopa nilikasirika. Mimi, nifundishwe baruti kwenye baraza yangu! Nikafunga makopo yote mawili, nikayaingiza ndani, nikarudi na chembe chache za ya haraka juu ya jani. Nikaziwasha, nimuonyeshe inavyoruka. Moshi wote ulimuingia usoni. Mimi niliyekaa mbali nilikohoa mupaka machozi. Yeye hakupepesa hata ukope.

Hapo nilijua huyu hana pumzi, niamini. Lakini mimi ni mutoto wa baba yangu. Nikamwambia: "Baruti imefungwa sasa. Nionyeshe jicho."

Akafungua kitambaa polepole. Pale kartushi inapoingia, chuma kilikuwa kimepasuka na kufunuka kama ganda la ndizi. Mukono uliokishika ulikuwa na vidole viwili. Halafu akanigeuzia uso, na upande wa pili haukuwa uso tena.

"Siku ile pia ya pole iliisha," akasema. "Baba yako akachanganya. Nimekuja kuona kama na wewe utachanganya."

Nilifunika macho kwa mikono, nani asingefunika? Nilipoyafunua, baraza ilikuwa tupu, na moshi wa lile jani bado unapanda.

Amuri aliporudi nilimupa kartushi mbili. Alifoka sana. Aliniuliza, yaya, dada yangu mukubwa, unataka mbogo aniue? Nikamwambia aende na mbili ama abaki nyumbani. Akaenda amenuna. Kabla jua halijazama tukasikia mulio mumoja kutoka kwenye mihogo, kimya kirefu, halafu wa pili. Nikakaa chini kwenye udongo. Kumbe Amuri anakuja, damu mupaka kwenye viwiko, damu ya mbogo, anacheka peke yake. Nililia mbele ya watu wote na sikuona haya.

Kesho yake, tukikata nyama, nikamusimulia mama. Hakuniambia nimeota. Aliweka kisu chini, akauliza: "Alikuwa kijana bado?"

Ndipo akaniambia. Alikuwa mwindaji wa Nyangwe, alikuja akiwa na haraka, baba akamujazia. Watu waliambiwa bunduki yake ilikuwa mbovu. Baba alikufa na neno hilo tumboni. Baba yangu, niliyejivuna naye kila siku ya maisha yangu! Iliniuma, na mupaka leo inaniuma.

Tulipanda pikipiki, mimi na Amuri, na paja la mbogo lililokaushwa kwa moshi, mupaka Nyangwe. Mujane wa yule mwindaji tulimukuta anaparua samaki. Nilimwambia yote, sikuficha kitu. Aliendelea kuparua mupaka samaki akaisha, akanawa mikono.

"Mambo ya baruti tuliyajua zamani," akasema. "Tulikuwa tunamungoja baba yenu aje aseme."

Akapokea nyama. Akamukalisha Amuri karibu naye, akamutazama usoni muda murefu, mupaka Amuri akainamisha kichwa.

Yule mugeni hajarudi. Kazi bado naifanya, na hakuna anayenishinda, lakini makopo mawili hayakai tena kwenye meza moja, na pale alipokaa kwenye baraza hakuna mutu wa nyumba yetu anayekaa. Na wewe unayejaza kartushi za wenzako, usingoje upelekewe mugeni. Baruti yako ikiisha, sema imeisha. Mwindaji atakasirika, atakuita mwoga, atalala bila nyama. Muache akasirike. Atakasirika akiwa na uso wake.