Jirani Asiyetaka Kulipwa

Baba alikuja Karatu kutoka Singida akiwa kibarua wa shamba la kahawa, na ilimchukua miaka mingi kupata ekari tatu zake mwenyewe katika kijiji cha Daa. Hata baada ya kununua, wapo walioendelea kumwita mtu wa kuja. Alipougua na kuhitaji upasuaji, aliyetukopesha ni jirani yetu, mnunuzi wa vitunguu na mzee wa kanisa. Waliandikishana kwamba deni lisipolipwa kufikia mwisho wa Agosti, shamba litakuwa la jirani.

Mimi nafanya usafi wa vyumba kwenye loji moja mjini. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekamilisha hela, nikamtumia jirani kwa simu. Haikupita saa moja, ikarudi. Nikampigia.

"Binti yangu, deni ni la baba yako," alisema kwa upole. "Alete mwenyewe, mkononi."

Nikaitoa, nikaipeleka nyumbani. Baba, mshono ukiwa bado unamuuma, akajikongoja hadi kwa jirani. Mke wake akasema mumewe yuko Arusha. Baba akaliona gari lake nyuma ya ghala. Alirudi tena mara mbili. Mara amelala, mara ameenda msibani Mbulu.

"Ana shughuli nyingi," Baba alisema.

"Anahesabu siku," Mama akamjibu. Asubuhi hiyo alikuwa amewakuta wanaume wawili wageni wakipima shamba letu kwa hatua. Walipomwona wakajifanya wamepotea njia.

Hapo nikaanza kurudi nyuma kimawazo. Kwa nini jirani alikuja hospitali mwenyewe, bila kuombwa, tena na karatasi iliyokwisha kuandikwa?

Jumapili ya mwisho ya Agosti tulimsubiri mlangoni mwa kanisa, pamoja na mtendaji wa kijiji, ambaye Mama alikuwa amemweleza yote.

"Jirani, hela yako hii hapa," Baba alisema. Hakupaza sauti, ila waliokuwa wanatoka walisimama.

"Mzee, haya si mambo ya kanisani."

"Ndiyo maana nimekuja na mtendaji. Ofisi yake iko ng'ambo ya barabara."

Jirani alitabasamu, akatufuata. Alihesabu mara mbili. Mtendaji alipomwomba arudishe ile karatasi ya makubaliano, akasema imepotea. Mama akanitazama. Mtendaji akaandika hati ya malipo, wakatia saini wote wawili, akagonga muhuri, nami nikaipiga picha.

Shamba ni letu mpaka leo. Baba anamsalimia jirani kama zamani na anasema tuyaache. Mimi sijaweza. Karatasi ile haijaonekana, na Mama akinipigia siku ambayo si kawaida yake, kabla hajasema neno namuuliza kama kuna mtu amekuja shambani.