Bakuli Lililokawia

Mwaka wangu wa kujitolea Mombasa, miaka ile ya tisini, ulinichosha kuliko nilivyothubutu kuwaandikia watu wa kwetu Tanzania. Kanisa lilinipa kazi ya kuwagawia uji watoto maskini pale Tononoka, bila kumuuliza mtu dini yake. Kufika mwezi wa saba nilikuwa nakoroga sufuria huku nimenuna, mgongo unaniuma, na sala ya kuanzia kazi naisema kama mtu anayefukuzwa.

Msichana mmoja wa mtaa wa Kuze aliomba bakuli ampelekee uji nyanya yake mgonjwa. Nikampa. Siku tatu zikapita, bakuli halikurudi. Siku ya nne nikamfokea mbele ya foleni nzima: "Vyombo vya kanisa si vya kuchukua! Wenzako wanywee nini?" Aliondoka bila kunywa uji, nami, Mungu anisamehe, niliona afadhali, foleni imepungua.

Kesho yake alikuja mapema, kabla sijawasha moto, amelikumbatia bakuli lililofunikwa kitambaa safi. Akaniamkia kwa adabu, akanikabidhi. Nilipofunua nikakuta ndimu mbili, ndogo, zimeoshwa.

"Za nini hizi?" nikamuuliza, hasira bado haijanitoka.

"Chombo cha watu hakirudishwi kitupu," akasema. "Nyanya asema utuwie radhi kwa kukawia, mwalimu. Hatukuwa na cha kutia."